Kipimo Gani kwa Mtoto Mwenye Kipawa?



Mzazi anayemleta mtoto kupimwa akili kwa kawaida ameshaambiwa na mwalimu au jirani kwamba huyu si wa kawaida. Ana miaka sita, anasoma gazeti, anajumlisha bei dukani kabla muuzaji hajashika kikokotoo. Mzazi anataka namba. Mimi humwomba kwanza aniambie namba hiyo ataifanyia nini. Kama shule inataka kumrusha darasa, nahitaji kipimo kinachofika mbali kuliko umri wake. Kama anasoma vizuri ila kuandika kunamshinda, nahitaji kipimo chenye sehemu nyingi kinionyeshe tatizo liko wapi. Kama hakuna uamuzi wowote unaosubiri, heri mtoto aachwe acheze.

Kipimo cha kwanza kilizaliwa kwa ajili ya uamuzi maalumu. Alfred Binet na Théodore Simon walikitoa Ufaransa mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Lewis Terman wa Stanford akakirekebisha mwaka 1916, na mwaka 1921 akaanza kuwasaka watoto wenye vipawa California. Alipata zaidi ya 1,500. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa kwa kutofikisha alama walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956, mwingine 1968. Wengi wa waliochaguliwa walifika mbali kimasomo, hilo silikatai. Ninachokataa ni kuigeuza alama moja kuwa mlango.

Mlango wa namna hiyo tunao hapa Tanzania. Mtihani wa darasa la saba ndio umekuwa ukiwapeleka watoto Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, shule tunazoziita za vipaji maalumu. Mtihani ule hupima alichofundishwa mtoto, kwa hiyo humpima yeye na shule yake kwa pamoja.

Tuje kwenye vipimo vyenyewe. Kinachotumika sana duniani kwa watoto wa shule ni kile cha David Wechsler, WISC, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1949. Wastani wake ni 100. Wanaofika 130 ni kama wawili katika kila mia; wanaofika 145 ni kama mmoja katika kila elfu. Kila alama ina kosa lake la kupimia, hivyo aliyepata 128 na aliyepata 131 hawana tofauti ya kuwatenganishia madarasa.

Sehemu yake mojawapo ina vibao vya mchemraba, vyekundu na vyeupe. Mtoto huonyeshwa mchoro, naye huupanga kwa vibao huku saa ikihesabu, na kwenye michoro migumu anayewahi huongezewa alama. Mtoto mwenye kipawa mara nyingi haharakishi. Anamaliza mchoro sawasawa, kisha anageuza kibao kimoja aone kama kuna njia nyingine ya kuupata, na saa inaendelea. WISC ina alama ya pili isiyohesabu sehemu zilizowekwa kupima kasi wala za kumbukumbu ya muda mfupi, ingawa vibao hivi hubaki humo. Mzazi aidai hiyo pia.

Kuna sehemu nyingine ambayo mtoto hutajiwa tarakimu mfululizo, azirudie. Mtu anaweza kudhani hiyo haina cha kutafsiri. Lakini kuanzia moja hadi tisa, kila tarakimu kwa Kiswahili ina silabi mbili, wakati kwa Kiingereza karibu zote zina moja, na kumbukumbu hii hushika kile tu tunachoweza kukitamka kwa sekunde chache. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walieleza kwa njia hiyo kwa nini watoto wanaosema Kiwelshi walionekana kuwa nyuma kwenye sehemu hii. Mtoto wa Tandahimba akilinganishwa na jedwali la alama za watoto wa Marekani, anapunjwa kabla hajafungua kinywa.

Wengi hukimbilia kipimo cha maumbo cha John Raven, kwa kuwa hakina maneno: mchoro una pengo, mtoto anachagua kipande cha kulijaza. Nacho kinahitaji uangalifu. Kitabu cha rangi cha watoto wadogo kina maswali 36 tu, na mtoto mwenye kipawa wa miaka minane anaweza kuyamaliza yote. Hapo hatujui angefika wapi, na apewe cha maswali 60. Tena mtoto ambaye kipawa chake kiko kwenye lugha hatoonekana humo kabisa. Na kuna suala la jedwali kuchakaa. Huko Embu, Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 kwa kitabu kile cha rangi waliwazidi sana wale wa 1984. Watafiti walitaja lishe bora na wazazi waliosoma zaidi. Anayetumia jedwali la zamani atawaita wenye vipawa watoto ambao ni wa kawaida kati ya wenzao.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa karibu na Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 2002 na Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, Watanzania wakiwemo. Watoto walipimwa, wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kuyakabili maswali waliyopewa, kisha wakapimwa tena. Alama zilipanda kwa mafunzo hayo mafupi, na zile za mara ya pili zilieleza zaidi uwezo wa mtoto kuliko za kwanza.

Wanafunzi wa ualimu na saikolojia wa chuo chetu huenda shule za msingi kila mwaka kwa mazoezi. Napendekeza wakusanye matokeo kwa Kiswahili, mjini na kijijini, darasa la pili, la nne na la sita, tupate jedwali letu na tulipitie upya kila baada ya miaka kumi. Kwa sasa, mtoto nitakayeletewa nitampima kwa maneno na kwa maumbo, nitamfundisha katikati, nitampima tena, na kwenye ripoti nitaandika jedwali nililotumia ni la nchi gani na la mwaka gani.