Masharti Yamelegezwa, Bei Iko Palepale

Tangazo la Marekani lilitoka Juni 2025. Mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ilifuta mpango maalumu wa usalama uliozibana dawa sita za chembe za kinga, zile wanazopewa wagonjwa ambao saratani yao ya damu imeshinda tiba nyingine. Aliyetakiwa kukaa karibu na hospitali wiki nne baada ya tiba, sasa ni mbili. Aliyekatazwa kuendesha gari wiki nane, sasa ni mbili pia.

Ni jambo jema. Lakini bei haikuguswa.

Dawa ya kwanza ya aina hii, Kymriah, iliruhusiwa Agosti 2017 kwa watoto na vijana wenye lukemia, kwa dola 475,000 kila mgonjwa. Hapo kitanda hakijalipiwa, wala chumba cha mahututi pale homa inapopanda na presha kushuka. Bei hiyo tumeisema katika kipindi hiki, na leo tunaisema tena.

Tunaambiwa ni ghali kwa sababu chembe hutolewa kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, hutiwa jeni ya kuitambua saratani, huzalishwa maabara, kisha hurudishwa mwilini. Kazi kubwa, hatubishi. Basi mbona India wameifanya? IIT Bombay na hospitali ya saratani ya Tata Memorial walitengeneza yao, NexCAR19, ikaruhusiwa Oktoba 2023, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya bei ya Marekani. Bei ilipangwa na watu, na watu wengine wameishusha.

Hata hiyo sehemu ya kumi itamuuzisha mzazi wa Mwanza nyumba na shamba, na bado haitatosha. Na mzazi huyo dunia inamdai nini? Mwaka 1958, akiwa Uganda, daktari Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa ukanda wetu, saratani inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Inatokana na chembe za kinga aina ya B, zilezile zinazowindwa na nyingi ya dawa hizi. Watoto wetu waliifundisha dunia. Dawa ikapatikana, wao wakawekewa bei.

Mawaziri wa afya wa Afrika Mashariki, kaeni meza moja Arusha, mwende India kwa sauti moja! Hospitali za Ocean Road, Mulago, Kenyatta: pelekeni madaktari na wataalamu wa maabara wakajifunze kazi hii, ili siku moja ifanyike hapa hapa. Msisubiri bei ishuke yenyewe, haitashuka yenyewe! Nanyi wasikilizaji, wagombea watakuja kuomba kura. Barabara mtawauliza, maji mtawauliza. Waulizeni na hili: mtoto ambaye lukemia yake imegoma kusikia dawa, mmemwekea shilingi ngapi?