Mchuzi wa Makande: Fildi ya Lishe na Njia ya Mtaalamu



Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya lishe nilikuwa nimeshajipangia maisha. Nilitaka hospitali kubwa ya Dar es Salaam, koti jeupe, wagonjwa wa kisukari na wa figo wakiingia mmoja mmoja. Ni kazi ya heshima, na wagonjwa hao wanaihitaji sana. Lakini fildi ikanileta hapa Same, na tangu hapo sikuiomba tena kazi ile.

Tulipanda hadi Mamba, huko milimani, kwa kupitia Kisiwani. Chini huku ni nyika inayopakana na hifadhi ya Mkomazi. Huko juu tulikuta migomba, maharage, ukungu, na tangawizi kila upande. Nikasema moyoni, hapa hakuna njaa. Ilikuwa siku ya afya na lishe ya kijiji, tukaanza kupima watoto. Mmoja wa miezi kumi na sita tulimlaza kwenye ubao wa urefu, mimi nikinyoosha magoti yake, mwenzangu akisoma namba. Utepe wa mkono ulisoma kijani, yaani hakukonda. Mashavu yalijaa. Lakini jedwali la urefu kwa umri likasema amedumaa.

Nikamweleza mama yake habari za mayai, maziwa na samaki, kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Mdogo wangu, mayai nayajua. Ndiyo yanayoninunulia sabuni."

Akatukaribisha nyumbani. Jikoni kulikuwa na sufuria ya makande, chakula ambacho hapa Upareni sina haja ya kukieleza. Yalikuwa motoni tangu asubuhi, bibi akichochea kuni, kama siku zote mama anapokuwa shambani akichimba tangawizi. Walipopakua, wakubwa walipata mahindi na maharage. Mtoto, kwa kuwa meno yalikuwa hayajatimia, alipewa mchuzi. Akanywa, akashiba, akalala. Maharage yakabaki kwenye sufuria.

Niliona aibu kwa ile karatasi yangu ya mayai na samaki. Bibi ndiye aliyekumbuka kwamba zamani mtoto alipondewa. Akachota maharage yale yale, akayatoa maganda, akayaponda kwa mwiko mpaka yakalainika, akachanganya na parachichi kutoka uani. Hakuna kilichonunuliwa. Mkebe wa chumvi nao ulikuwa wazi kando ya moto, na madini joto hupotea kwa joto na unyevu, tukautafutia kifuniko.

Darasani nilikuwa nimefundishwa kuuliza mtu ale nini. Kwenye jiko lile nikaanza kuuliza mengine: nani anapika, ana saa ngapi za kukaa na mtoto, fedha ya tangawizi inaingia msimu gani na inashikwa na nani. Hayo ndiyo yaliyonihamisha. Nilikuwa nimekariri kwa ajili ya mtihani kwamba Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya 1973, na kwamba mradi wa lishe wa Iringa ulioanza 1983 uliwafanya wanakijiji wenyewe wapime watoto wao na kujadili chanzo cha tatizo. Nilipata alama nzuri. Kuelewa kwa nini Iringa walianza na kikao cha kijiji, hilo nilielewa Mamba.

Na kazi ingalipo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa; ule wa 2022 ukakuta asilimia 30. Tumepunguza, lakini kwa mwendo huu watoto wengi mno watakua kabla hatujawafikia. Mtoto aliyedumaa haletwi hospitali, kwa sababu haonekani mgonjwa. Lazima afuatwe alipo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa vyuo. Wapelekeni wanafunzi fildi mwaka wa kwanza, kabla hawajachagua njia, na walale huko huko vijijini, maana aliyefika mchana kwa gari la ofisi hataiona sufuria ikipakuliwa. Nanyi wanafunzi, mkipangiwa Same, Kishapu au Longido, tafadhali msiandike barua ya kuomba mbadilishiwe kituo.