Ndizi, Reli na Rada: Kampuni Zinaposhika Kalamu ya Sera ya Nje



Waliokuwa wakifuatilia magazeti ya Tanzania miaka ya 2011 na 2012 wanalikumbuka neno "chenji ya rada". Ni neno la utani, la mtu aliyetoa noti nene dukani akarudishiwa kilichobaki. Lakini ndani ya utani huo mna kampuni ya silaha, baraza la mawaziri la nchi tajiri, hazina ya nchi yenye madeni, na ankara. Nitalirudia neno hilo. Kwanza naomba tupitie Mombasa na Guatemala, maana rada hiyo ilikuwa na watangulizi wake.

Tukisikia kwamba kampuni imeishawishi serikali, mawazo yetu hukimbilia bahasha. Penye udhia, penyeza rupia. Rupia ipo, nami sitaikana. Ila naona bahasha ni zana ya kampuni isiyojiamini. Kampuni yenye nguvu humfanya waziri aamini kwamba faida yake na maslahi ya taifa ni kitu kimoja. Akishaamini, ataitumikia kwa moyo mweupe, na hakuna mkaguzi atakayemkuta na senti ya mtu. Hiyo ndiyo hoja yangu jioni hii. Na kipimo ninachopendekeza ni kimoja: maslahi ya taifa yanapotajwa, muulize nani atalipa, tena kabla mkataba haujatiwa saini.

Kampuni ilishindwa, hoja yake ikashinda

William Mackinnon alikuwa Mskoti mwenye meli. Tangu 1872 meli zake zilileta barua na shehena Unguja, na miaka michache baadaye alifanya mazungumzo na Sultani Barghash ili akodishiwe pwani. Hayakufika popote. Mwaka 1887, Wajerumani wakiwa wamekwisha kumbana Sultani upande wa kusini, Mackinnon na wenzake walipata mkataba wa kutawala na kutoza ushuru katika pwani ya kaskazini. Mwaka uliofuata serikali ya Malkia Victoria iliwapa hati ya kifalme, na Imperial British East Africa Company ikaweka makao yake Mombasa. London ilipenda mpango huo kwa sababu ya urahisi wake: kampuni itawale, kampuni igharimie, na mlipa kodi wa Kiingereza asiguswe.

Hesabu zilikataa. Mtaji ulikuwa kama robo milioni ya pauni. Kutoka Mombasa hadi Uganda mzigo ulikwenda kichwani mwa mpagazi kwa miezi, na pembe za ndovu hazikutosha kulipia safari. Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alifika Buganda kwa niaba ya kampuni. Januari 1892 silaha zake zilikuwa upande wa Waprotestanti katika vita vya Mengo. Kabla mwaka huo haujaisha, kampuni ilitangaza kwamba inajitoa Uganda, haina fedha.

Waziri Mkuu Gladstone hakuitaka Uganda, na wengi katika baraza lake walikuwa pamoja naye. Aliyeitaka ni Waziri wa Mambo ya Nje, Rosebery. Kwa kura za mezani angeshindwa, basi mezani hapo pakaletewa kelele za nje. Lugard alirudi Uingereza mwezi Oktoba, akazunguka mji kwa mji akihutubia. Maombi na maazimio zaidi ya 170 yalimiminika Wizara ya Mambo ya Nje, kutoka makanisani na kutoka vyama vya wafanyabiashara. Makanisa yalilia juu ya wamisionari na biashara ya utumwa. Wafanyabiashara walilia juu ya masoko. Hisa za kampuni hazikuwa na nafasi kubwa katika vilio hivyo. Hasara ya watu wachache ilikuwa imekwisha kuvishwa kanzu ya wajibu wa taifa, na ikawapendeza waumini wengi ambao hawakumiliki hisa hata moja.

Yaliyofuata mnayajua. Bendera ya Uingereza ilipandishwa Kampala Aprili 1893, na mwaka 1894 Buganda ikatangazwa kuwa chini ya himaya. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika ziwani 1901, kwa zaidi ya pauni milioni tano za walipa kodi walewale walioahidiwa kutoguswa.

Na kampuni? Ilinunuliwa mwaka 1895 kwa pauni 250,000. Naomba wanafunzi wa uchumi waandike hili: pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha za Zanzibar, zile ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani alipoiachia pwani ya kusini. Bei ya pwani moja ikatumika kuikomboa pwani ya pili kutoka kwa kampuni, na iliyokombolewa ikaishia mkononi mwa Mwingereza. Kweli, Zanzibar iliwekewa riba ya asilimia tatu kwa mwaka, pamoja na kodi ya pwani. Lakini mdeni ndiye aliyekuwa akimtawala mdai, na mnajua deni la namna hiyo linavyodaiwa.

Wanahisa wa Mackinnon hawakutajirika, na yeye mwenyewe alifariki 1893. Ndiyo sababu nasema tusitafute mwizi tu. Kampuni ilikufa, lakini ramani iliyoichora katika vichwa vya mawaziri iliendelea kufanya kazi kwa miaka karibu sabini.

Waziri aliyekuwa wakili

Guatemala ya mwaka 1952 inatupa sura ya pili. Rais Jacobo Árbenz, aliyechaguliwa na wananchi, alipitisha sheria ya kugawa mashamba makubwa yaliyolala bila kulimwa. Mwenye ardhi kubwa kuliko wote alikuwa United Fruit, kampuni ya ndizi ya Marekani, ambayo pia ilishika reli na bandari. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa pori. Serikali ilikubali kulipa fidia kwa thamani ambayo kampuni yenyewe iliitangaza kwa watoza kodi: dola 627,572. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikajibu kwa niaba ya kampuni, ikadai zaidi ya dola milioni 15.8. Thamani ya shamba lilelile ilipanda mara 25 pale lilipohama kutoka kitabu cha kodi kwenda kitabu cha diplomasia.

Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa John Foster Dulles. Mkuu wa shirika la ujasusi, CIA, alikuwa ndugu yake, Allen. Wote wawili walitoka katika kampuni ya mawakili ya Sullivan & Cromwell ya New York, ambayo iliwahi kuihudumia United Fruit. Walter Bedell Smith, naibu wa Dulles wizarani, aliingia baadaye katika bodi ya kampuni hiyo ya ndizi. Wakati huohuo Edward Bernays, bingwa wa uhusiano wa umma, aliwapeleka waandishi wa habari wa Marekani hadi Guatemala kwa gharama za mteja wake, wakarudi na habari za hatari ya ukomunisti. Juni 1954, baada ya uvamizi ulioandaliwa na CIA, Árbenz alijiuzulu.

Hapa lazima niwe mwadilifu kwenu. Wako wanahistoria wanaosema kwamba Washington ingemwangusha Árbenz hata kama Guatemala isingeuza ndizi moja, kwa hofu ya Moscow tu. Tena wana ushahidi: kabla mwaka 1954 haujaisha, Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki United Fruit kwa kuhodhi biashara. Ningekuwa natafuta kampuni iliyoitia serikali mfukoni, kesi hiyo ingenivunjia hoja. Lakini hoja yangu ni nyingine. Hofu ya ukomunisti ilikuwapo; kilichohitajika ni mtu wa kuionyesha hofu hiyo pa kutua. Ubalozi, waandishi na mawakili waliijua Guatemala kupitia macho ya kampuni, kwa sababu kampuni ndiyo iliyokuwa na watu, simu, meli na tarakimu. Anayeshika taa ndiye anayeamua mwenzake aone kona ipi ya chumba.

Ankara? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1960 vikaisha 1996. Tume ya ukweli ilikadiria waliouawa na kupotezwa kuwa zaidi ya 200,000, walio wengi wakiwa Wamaya. Hao hawakuwamo katika hesabu ya fidia, si ile ya dola 627,572 wala ile ya milioni 15.8.

Chenji

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1997 serikali mpya ya Uingereza ilitangaza kwamba sera yake ya nje itakuwa na maadili ndani yake. Desemba 2001 serikali hiyohiyo iliidhinisha kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania rada ya kuongozea ndege, ya kiwango cha kijeshi, kwa dola milioni 40 hivi. Mwezi mmoja kabla yake, Tanzania ilikuwa imefikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake. Mkono mmoja ulifuta deni, mwingine ukaandika jipya.

Baraza la mawaziri la Uingereza liligawanyika. Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alipinga waziwazi, na Gordon Brown wa hazina hakuipenda. Waziri Mkuu Tony Blair aliunga mkono, na leseni ikatoka. Hoja iliyotajwa sana ilikuwa ajira katika kiwanda cha Isle of Wight. Tusiidharau hoja hiyo: mbunge yeyote, hata wetu, akiambiwa kiwanda cha jimboni mwake kitafungwa, hulala macho. Ndiyo maana kampuni hupenda kuisema. Faida ni ya wanahisa, lakini hofu hugawiwa wafanyakazi.

Wala tusijifanye malaika. Rada ile haikuingia nchini kwa parachuti. Serikali yetu iliitaka, maofisa wetu walitia saini, na waliohoji nyumbani hawakusikilizwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mahakamani London ilielezwa kwamba dola milioni 12 na ushei, karibu theluthi moja ya bei, zilipitia kwa mtu wa kati. Desemba 2010 kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Neno rushwa halikuwamo katika kosa lililokiriwa. Faini ilikuwa pauni 500,000, na kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Hiyo ndiyo chenji. Ilinunua vitabu vya kiada na madawati ya shule za msingi.

Linganisheni na jambo moja. Waendesha mashtaka wa kesi hiyo ya rada walikuwa wakiichunguza kampuni ileile kuhusu mauzo ya ndege za kivita kwa Saudi Arabia. Desemba 2006 uchunguzi huo ulisimamishwa, sababu ikitajwa kuwa usalama wa taifa, na mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema mkurugenzi wao aliyeusimamisha hakuvunja sheria. Uchunguzi wa Tanzania uliendelea. Saudia ilikuwa na mafuta, na ilikuwa na siri za kijasusi ambazo London ilizihitaji. Sisi tulikuwa na deni. Haki ilitutembelea kwa sababu kwetu haikuhatarisha kitu.

Kabla ya ankara

Mtaniuliza: haya ni ya wakubwa, sisi yanatuhusu nini zaidi ya kuumia? Yanatuhusu kwa sababu nasi sasa tuna kampuni zinazovuka mipaka. Benki zenye makao Nairobi zimenunua benki za Kongo. Saruji, unga na sukari za kanda hii zinagombaniwa mipakani kila mwaka. Siku moja kampuni yetu itabisha hodi kwa waziri wetu, imuonyeshe nchi jirani kwa taa yake, na kumwambia kwamba hasara yake ni hasara ya taifa. Tukiwa tumezoea kujihesabu upande wa walioumizwa tu, hatutaisikia hodi hiyo.

Ninapendekeza mambo matatu. La kwanza, wizara ya mambo ya nje iweke daftari la wazi: kampuni gani ilikutana na nani, lini, kuhusu nini. La pili, waziri, balozi au katibu mkuu anayestaafu asiruhusiwe kuajiriwa na kampuni aliyoihudumia ofisini hadi miaka kadhaa ipite. Na anayetoka kwenye kampuni akaingia serikalini asiguse faili la mwajiri wake wa jana. La tatu linatuhusu sisi wa vyuo vikuu. Serikali huazima macho ya kampuni pale inapokosa macho yake. Kama hatuna wataalamu wa Kongo, wa Msumbiji, wa Ghuba, wanaojua lugha na kusoma mikataba ya huko, waziri ataazima kwa mwenye nazo, na mwenye nazo atadai malipo.

Watoto waliokalia madawati ya chenji ya rada wakiwa darasa la tatu, leo wana umri wa wanafunzi ninaowaona ukumbini humu. Bila shaka baadhi yenu mlisoma vitabu vile. Rada ilijadiliwa London na Dar es Salaam kabla hamjajua kusoma. Deni lake mmelibeba, na chenji yake mmeikalia. Mkataba unaofuata utakapowekwa mezani, baadhi yenu mtakuwa mmeketi kwenye meza hiyo. Ulizeni nani atalipa, na msinyanyue kalamu kabla ya kujibiwa.