Maji Yasiyongoja Umeme: Nguvu ya Akiba kwa Pampu za Kuzimia Moto Nyumbani

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Mabatini



Moto wa nyumba na umeme wa nyumba havikai pamoja kwa muda mrefu. Moto unapozuka, mwenye nyumba hutakiwa kuzima swichi kuu. Asipoizima, waya zikiungua, umeme hukatika wenyewe. Kwa hiyo pampu ya kusukuma maji ya kuzimia moto, ikiwa inategemea waya hizohizo, hunyamaza saa ileile iliyonunuliwa kuitumikia. Hata pasipo moto, uniti za LUKU huisha usiku, na mgao wa umeme wa mwaka 2023 haujasahaulika.

Kwa Mabatini jambo hili lina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya makazi imepanda juu ya miamba, na vichochoro na ngazi za mawe havipitishi gari la zimamoto. Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hulazimika kuacha gari barabarani na kupanda kwa miguu wakivuta mipira. Maji ya mabomba nayo hupandishwa kutoka Ziwa Viktoria kwa pampu za umeme. Maji ya dakika za mwanzo, basi, ni yale ambayo mwenye nyumba ameyaweka mwenyewe.

Mfumo wa vinyunyizio vya dari bado ni nadra majumbani, ila wenye kujenga nyumba za ghorofa na za kulala wageni wanapaswa kuufahamu. Kila kinyunyizio kimezibwa kwa kichupa cha kioo chenye kimiminika, ambacho kwa kawaida hupasuka joto lifikapo takriban nyuzi 68 za Selsiasi. Hufunguka kile kilicho karibu na moto tu, si vyote kwa pamoja. Nchini Marekani, kanuni ya nyumba za familia hutaka kwa kawaida maji ya kutosha dakika 10. Vinyunyizio viwili, kila kimoja kikitoa lita 50 kwa dakika, hutumia lita 1,000 katika muda huo: simtanki moja ya kawaida.

Njia ya kwanza ya kuyapata maji hayo bila umeme ni mwinuko. Kila mita 10 za kimo huyapa maji msukumo wa baa 1. Kinyunyizio cha nyumbani huhitaji takriban nusu baa, yaani tanki liwe juu yake kwa mita 5 au zaidi, maana bomba refu na jembamba hupunguza msukumo. Nyumba iliyo chini ya mwamba ina mnara uliojengwa na Mungu. Ila lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Msingi wa tanki ukaguliwe na fundi wa ujenzi.

Penye uhaba wa mwinuko, pampu haina budi, nayo ipewe nguvu yake. Waya wake utenganishwe na wa nyumba na fundi mwenye leseni, ili kuzima umeme wa vyumba kusiizime. Pampu ya nguvu farasi moja hula wati 750 au zaidi. Kwa dakika 10 ni sehemu ndogo tu ya akiba ya betri moja ya gari kubwa. Kinachoshinda wengi ni inveta: mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, na inveta ndogo hujizima papo hapo. Jenereta nayo hufaa ikiwa inajiwasha yenyewe. Ya kuvuta kamba humtaka mtu abaki mahali anapopaswa kukimbia. Petroli yake isiwekwe ndani ya nyumba.

Asiye na uwezo wa vinyunyizio asikate tamaa. Tanki lililoinuliwa, bomba na mpira unaofika kila chumba ni kinga ya kweli, mradi umeme umezimwa kwanza, na mafuta yanayowaka jikoni yasimwagiwe maji kamwe. Bomba la matumizi ya kila siku litokee juu kidogo ya kitako cha tanki, na la moto litokee chini, ili kufua na kuoga kusimalize maji ya dharura. Akiba haiozi.

Kila mwezi jaribio moja linatosha: swichi kuu izimwe, maji yafunguliwe, na yatazamwe kama yanatoka kwa nguvu. Yasipotoka siku hiyo, hayatatoka siku ya moto.

Moto ukizuka, watu watoke kwanza, na simu ipigwe 114 bila kungoja kuona kama maji yatashinda.