Mlango ukilia, nani ataamka?

Mulipotoka kambini kila familia ilitafuta kwanza mlango wenye kufungika. Leo tunaongeza sensa. Ni vipande viwili: sumaku kwenye mlango, swichi kwenye fremu. Vikiachana, king'ora kinalia. Mbao za nyumba zetu zinavimba wakati wa mvua, kwa hiyo vipande vikaribiane, na mujaribu kila jioni. Hapa Goma umeme unakatika. Muchague yenye betri, isiyohitaji intaneti.

Lakini sensa haizuii mwizi, inaamsha watu tu. Mbele ya kuiweka, mupatane na chefu wa nyumba kumi: nani atapiga filimbi, nani atagonga sufuria?

Wafadhili wetu, mukitoa sensa mutoe na betri za kubadilisha. Betri ikikufa, sensa inadanganya mwenye nyumba.