Nyota Kubwa Hufa Mapema
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mji Mkongwe, Unguja)



Nimeombwa niseme machache juu ya nyota. Nimekubali kwa furaha, kwani pia nina deni la kulipa mbele yenu.

Mtakumbuka siku ile mwalimu wa fizikia alipotuuliza: nyota kubwa na nyota ndogo, ipi itaishi zaidi? Sote tulisema kubwa, maana ina akiba kubwa. Mwenzetu mmoja wa kutoka shamba akasema ndogo. Alipoulizwa sababu, akajibu kwamba kwao karabai humaliza mafuta mapema, na kibatari hukesha. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi ndiye niliyeanza. Kengele ikapigwa, somo likaishia hapo. Tukambandika jina la Kibatari, na tangu siku ile hakunyanyua tena mkono.

Ndugu zangu, yeye ndiye aliyepatia. Nyota huwaka kwa kugeuza haidrojeni kuwa heliamu. Ikiwa nzito zaidi, kiini chake hubanwa zaidi, hupata joto zaidi, na mafuta huliwa kwa pupa. Jua letu lina umri wa miaka bilioni 4.6, na limebakiwa na kama bilioni 5. Nyota yenye uzito mara 10 ya jua haifikishi hata miaka milioni 50.

Mwisho nao hufuata uzito. Jua litavimba, litapukutisha tabaka zake za nje, na kitakachobaki ni kibete nyeupe, tufe lenye ukubwa kama wa dunia, linalopoa taratibu. Nyota inayozidi kiasi cha mara 8 ya jua hufikia kuwa na kiini cha chuma. Chuma hakiongezi moto. Kiini huporomoka na nyota hulipuka. Mara nyingi hubaki nyota ya nyutroni, yenye upana wa kama kilomita 20, pungufu ya mwendo wa kutoka hapa mjini mpaka Chwaka. Zilizo nzito mno huwa shimo jeusi, ambalo hata mwanga hautoki.

Mkitaka ushahidi, tazameni juu usiku wakati wa kaskazi. Shi'ra, nyota inayong'aa kuliko zote, ina mwenziwe aliyezaliwa pamoja naye. Mwenziwe huyo ndiye aliyekuwa mzito zaidi, na ndiye aliyekufa kwanza. Sasa ni kibete nyeupe.

Mwaka 1930 kijana wa Kihindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli Bombay kwenda kusoma Uingereza. Njiani, katika bahari hii hii tunayoogelea sisi, alipiga hesabu akaona kwamba kibete nyeupe ina kikomo cha uzito. Leo tunajua ni kama mara 1.4 ya jua. Kikizidi hapo, kiini huporomoka. Mwaka 1935 huko London, bingwa Arthur Eddington alimfanyia mzaha mbele ya wataalamu. Lakini tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilipoichunguza Cygnus X-1 kwa miali ya eksirei, ilisaidia kuonyesha kwamba mashimo meusi yapo kweli. Mwaka 1983 Chandrasekhar alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwenzetu yeye hakupewa kitu. Aliiacha fizikia mwaka ule ule. Alhamdulillahi, leo tunaye, amekaa safu ya nyuma kama zamani. Ndugu yangu, mbele ya hawa walionisikia nikikucheka, nakuomba radhi.

Na nyinyi walimu vijana mliopo hapa, mtoto akitoa jibu la kuchekesha, mwacheni kwanza aeleze sababu yake.

Nimemaliza. Mwenye swali juu ya nyota, namwomba aanze kumuuliza yeye.