Wasaidizi Tusiowajua

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6–7

 

Somo letu la leo ni fupi, na yawezekana wengi wetu tumelipita mara nyingi bila kusimama. Lahusu kiota cha ndege. Musa awafundisha wana wa Israeli kwamba mtu akikuta kiota, juu ya mti au chini, na mama ameatamia, asiwatwae wote. Makinda aweza kuyachukua, lakini mama hana budi kumwachilia. Kisha yaja ahadi, nayo ni kubwa kuliko tulivyotazamia: atakayetii atapata heri na maisha marefu. Tukirudi nyuma hadi sura ya tano ya kitabu hicho, twaikuta ahadi kama hiyo imefungwa pamoja na amri ya kuwaheshimu baba na mama. Amri ya wazazi na amri ya ndege zapewa thawabu moja!

Mkulima haoni shida kuelewa sababu. Anayemwacha mama, mwakani atakuta kiota kingine. Anayetwaa wote ameshiba siku moja, na mti umebaki mtupu.

Ndugu wapendwa, leo twataka kulichukua somo hili mpaka shambani, penye sukuma wiki na mahindi yetu.

Mfikirieni mama mmoja mwenye robo eka. Mwezi wa tano aona majani ya sukuma wiki yamejikunja, na chini yake vidukari wamejaa kama majivu. Karo ya watoto yangoja. Aenda dukani, anunua dawa, apiga shamba zima. Siku ya tatu majani ni safi, naye amshukuru Mungu. Majuma mawili hayajapita, vidukari wamerudi, wengi kuliko kwanza. Anunua chupa ya pili. Na safari hii, kwa kuwa fedha zimekwisha, avuna mboga kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijatimia. Mboga hiyo yaenda sokoni, nayo yaenda mezani kwa watoto wake mwenyewe.

Je, kumetokea nini? Kidukari jike huzaa bila dume, na watoto wake huweza kuzaa baada ya siku chache tu. Wakisalia wachache, wanatosha kulijaza jani tena. Lakini dawa ile haikuua vidukari peke yao. Iliua na wale waliokuwa wakiwala, na hao huongezeka polepole. Adui amerudi katika boma lisilo na askari. Yule mama ametwaa makinda na mama kwa siku moja, wala hakujua kwamba palikuwa na kiota.

Basi na tuwafahamu wasaidizi hao.

Wa kwanza ni yule mdudu mdogo wa duara, mgongo mwekundu wenye madoa meusi, ambaye watoto hupenda kumwachia atembee kidoleni. Huyo ni askari wa sukuma wiki, maana chakula chake ni vidukari. Lakini mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Ni mrefu, mweusi, ana miiba mgongoni, kama mamba mdogo sana. Wengi wakimwona juu ya jani humponda wakisema, "Huyu ndiye mharibifu!" Kumbe naye hula vidukari kwa wingi. Mtakumbuka jinsi Samweli alivyokwenda nyumbani kwa Yese, akatazama urefu na sura, na Mungu akamwonya kwamba yeye hatazami kama wanadamu watazamavyo. Shambani pia twahitaji onyo hilo.

Wa pili ni nyigu wadogo mno, wasiomuuma mtu. Geuzeni jani lenye vidukari mtazame vizuri. Mtaona baadhi yao wamevimba, wamekauka, rangi yao ni ya kahawia. Hao wamekwisha kufa. Nyigu alitia yai ndani ya kila mmoja, na mtoto wake akala kutoka ndani. Mkiona maganda hayo, jueni kwamba msaada umefika. Msipige dawa siku hiyo.

Nyigu wengine huwawinda funza wa mabua, wale wanaotoboa mashina ya mahindi. Nyigu huingia katika tundu la funza na kumtia mayai mwilini. Watoto wake wakikomaa hutoka nje na kujisokotea vifuko vyeupe, vimelundikana kama pamba kando ya mzoga. Mkulima asiyejua huviponda, akidhani ni mayai ya adui. Tunao nyigu wa namna hiyo walio wenyeji wa Afrika tangu zamani. Na mwaka 1993 jamaa yao waliletwa kutoka Pakistani, wakaachiliwa katika pwani ya Kenya, kwa kuwa mmoja wa funza hao alikuwa ametoka Asia na kumwacha adui yake nyuma.

Hata muhogo uliokolewa hivyo. Miaka ya 1970 kidungata mweupe kutoka Amerika Kusini aliingia Afrika akaangamiza mashamba ya muhogo katika nchi nyingi. Wataalamu walitafuta kwao alikotoka, wakampata huko Paraguay nyigu asiye mkubwa kuliko punje ya wimbi. Aliachiliwa Nigeria mwaka 1981, kisha katika nchi nyingine, na muhogo ukapona bila wakulima kununua hata chupa moja. Hans Herren, Mswisi aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mungu ameviweka vitu vikubwa mikononi mwa viumbe tusioweza hata kuwaona vizuri.

Wa tatu ni wale ambao wengi wetu tulilelewa kuwaogopa. Kinyonga hupigwa mawe, naye kazi yake ni kula wadudu. Bundi hufukuzwa kwa kuwa ati alia msiba, naye usiku kucha awinda panya wanaoiba mahindi ghalani. Popo wadogo hula nondo gizani, chura hula konokono na wadudu kati ya matuta, na buibui hutega nyavu bila mshahara. Mkristo asimwue kiumbe wa Mungu kwa sababu ya hofu ya ramli.

Sasa twawakaribishaje? Mgeni hukaribishwa kwa chakula, maji na mahali pa kulala. Nyigu wadogo hunywa utamu wa maua madogo yaliyo wazi. Acheni mistari michache ya dania ichanue badala ya kuing'oa yote, na pandeni alizeti ukingoni. Wekeni sahani ya maji yenye mawe madogo, ili wadudu wanywe bila kuzama. Msiufyeke ua wote mpaka udongo uonekane. Bakizeni kona moja yenye majani na magogo. Vidukari wakiwa wachache, waondoeni kwa vidole au kwa maji ya sabuni, penye vidukari tu, si shamba zima.

Kwa mahindi, tunayo njia iliyozaliwa hapa hapa magharibi mwa Kenya. Kituo cha utafiti wa wadudu, kiitwacho icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kina tawi Mbita kando ya Ziwa Victoria. Watafiti wake na wenzao waliwapa wakulima njia iitwayo Vuta-Sukuma. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo. Kuzunguka shamba hupandwa nepia, ambayo wengine huiita mabingobingo. Nondo huvutwa kwenda kutaga huko, na wengi wa funza wakijaribu kutoboa shina lake hunaswa na utomvu wakafa. Desmodiamu hulizuia pia lile gugu la kayongo linalonyonya mahindi, hurutubisha udongo, na ng'ombe huila. Mwaka 1997 watafiti hao walitangaza jambo la ajabu zaidi: nyasi moja ya malisho yenye harufu ya molasi, ikipandwa kati ya mahindi, huwafukuza nondo na papo hapo huwaita nyigu. Mmea waita mlinzi!

Lakini tusiseme maneno mepesi. Kungoja kuna gharama. Wakati tunapowangoja walinzi waongezeke, wadudu wanakula sehemu yao, na mwenye robo eka haoni sehemu hiyo kuwa ndogo. Viwavi jeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, wengi walikimbilia dawa kwa kuwa hawakuona njia nyingine, na watoto walitaka ugali. Hatuwahukumu. Na bado, katika muda mfupi, watafiti waliona kwamba nyigu wa hapa Afrika wamekwisha kuanza kumshambulia mgeni huyo. Nani aliwafundisha?

Hatusemi basi kwamba dawa ni dhambi. Twasema isiwe ya kwanza, isipigwe bila kutazama, isipigwe nyuki wakiwa mauani, na siku za kungoja zilizoandikwa zitimizwe, hata kama mnunuzi yu mlangoni. Mboga yenye sumu kumuuzia jirani ni kumwibia afya yake.

Tena jambo hili si la mtu mmoja. Nyigu hajui mpaka wa shamba, wala upepo unaobeba dawa haujui. Nikae nami nimwache kinyonga wangu, nawe upige dawa kila juma, kazi yangu ni bure. Utafiti uliofanywa mashambani hapa Kakamega ulikadiria kwamba mwaka 2005 nyuki waliongeza karibu asilimia 40 ya thamani ya mazao manane, yakiwamo maharagwe, kunde, nyanya na alizeti. Karibu wote walikuwa nyuki wa porini, wasiofugwa na mtu. Msitu wetu wa Kakamega, wenye zaidi ya aina 300 za ndege, watulisha hata sisi tusioingia ndani yake.

Kwa hiyo mwenye shamba kubwa na aanze, maana yeye aweza kungoja. Uwanja wa kanisa na wa shule iwe na ua lenye maua. Na yule mama wa robo eka asiachwe angoje peke yake. Majirani wamgawie mbegu ya desmodiamu na vipande vya nepia, na msimu mazao yakipungua, wamgawie na debe la mahindi. Subira ya maskini hulindwa na ukarimu wa jirani.

Juma hili twawaomba jambo moja. Kabla ya kufungua chupa yoyote, ingieni shambani asubuhi, mgeuze majani kumi, mtazame kwa utulivu. Waiteni watoto wawasaidie, macho yao ni makali. Pengine mtakuta kiota.

Na tuombe. Ee Bwana, Muumba wa wakubwa na wadogo, twakushukuru kwa watumishi wako tusiowajua majina. Utufumbue macho kabla hatujanyosha mkono. Uwalinde watoto wetu na sumu, uwape wakulima subira, nasi utupe moyo wa kuwasaidia wanaongoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.